Wanaume wa vitabuni wasiosema, na kwa nini tunawalilia

Juzi kwenye grupu letu la watsap mtu katuma ile klipu ya mkono. Kama hujui mkono gani basi una kazi nyingi na nakupongeza. Ni ile filamu ya 2005 ya Pride and Prejudice, Mr Darcy anamshika Elizabeth mkono kumpandisha kwenye gari la farasi, hasemi kitu, anageuka anaenda zake, alafu kamera inashuka mpaka kwenye kiganja chake, vidole vinajitanua vinakakamaa, basi. Sekunde mbili tatu. Grupu likawaka, voisi za makelele, stika za kuzimia, na dada mmoja (mumewe ni mtu wa maneno mengi, sote twamjua na twampenda) akauliza hivi nyinyi watu wazima mnapata nini kwa mwanamume ambaye hata salamu anaitoa kama analipia?

Nikaanza kumjibu pale pale, nikaona jibu linarefuka na watu washahamia kwenye habari ya maji kukatika, nikaamua nililete huku.

Kwanza tukumbushane tunaishi wapi. Mombasa hii ni mji wa maneno. Malenga wetu Muyaka bin Haji alifariki 1840 na mpaka leo ukikaa karibu na wazee wa Mji wa Kale, kahawa ikizunguka, hakosi mmoja wa kumtoa Muyaka kumaliza ubishi wa mpira. Kanga zenyewe tunaingia Biashara Street tunazichagua kwa kusoma, ua zuri lakini jina halina makali unairudisha, unatafuta ile itakayomfikia jirani bila weye kufungua mdomo. Na vijana wetu mashallah hawajambo. Akikutaka ushakuwa lulu, ushakuwa zabibu, ushakuwa dawa ya maradhi yake yote, na hapo hamjafika hata steji ya Buxton. Ukikulia hapa unajua maneno matamu yanapikwaje na hayagharimu kitu. Yanakuonesha kwamba mtu ana ulimi, zaidi ya hapo hayakuoneshi lolote.

Ndo maana nikimsoma Jane Austen, mwenye hicho kitabu cha Pride and Prejudice, huwa nacheka peke yangu akiingia Wickham. Ofisa wa jeshi, sura nzuri, na jioni ya kwanza anayopata nafasi, nyumbani kwa khalati yake Elizabeth, anakaa naye kando anamwaga maisha yake yote, alivyodhulumiwa na Darcy, nafasi aliyoahidiwa na marehemu babake Darcy ikapewa mtu mwengine, na yeye alivyo mstahamilivu anayameza tu. Elizabeth naye anayameza. Kitabu kimetoka 1813, na huyo Wickham mimi nshamuona mara nyingi Mama Ngina Drive jioni, ana sahani ya mihogo mkononi, anamsimulia binti wa watu alivyoonewa na ndugu zake. Ni baadaye sana ndo Elizabeth anashtuka, hivi mtu asiyenijua alinimwagia siri zake zote siku ile za nini?

Kwa hiyo jibu la haraka ni kwamba tumechoka na wasemaji, tunataka mtu anyamaze kidogo. Lakini jibu hilo halitoshi na yule dada angelirarua saa hiyo hiyo, manake wakimya wako wengi na hatuwalilii. Nna mtu kwenye ukoo wetu, simtaji, alikuwa mkimya wa kupigiwa mfano, anakuja anakula anasema shukran anakaa kona na simu yake, mabibi wanamsifu ati huyo ndo mwanamume, hana maneno. Kumbe ana nyumba nyengine Mtwapa na watoto wawili washaanza skuli. Alikuwa hasemi kwa sababu alikuwa na mengi ya kutoyasema.

Na hapa niseme kitu kitakachonigombanisha na watu. Kila mtu akitaja mashujaa hawa humtia na Mr Rochester wa Jane Eyre, kitabu cha Charlotte Brontë cha 1847, na mimi simtii. Kwanza yule si mkimya, anaongea mno, anamsimulia Jane, msichana wa miaka 18 aliyeajiriwa kumfundisha mtoto, habari zake zote na mcheza dansi wa Paris. Anachokinyamazia ni kitu kimoja tu, na kitu chenyewe ni mke, yuko gorofa ya juu amefungiwa, mpaka siku ya harusi watu wako kanisani mwanasheria anasimama kusema ndoa hii haiwezekani. Nilipomhadithia mamangu hakushangazwa na wake wawili, hilo ameliona sana katika maisha yake, alishangazwa na kufichwa. "Si angesema tu?" Wallahi sijasikia uchambuzi wa Jane Eyre uliopita huo.

Sasa nije kwenye ninachoamini. Nilikaa nikawapanga wale ninaowapenda kikweli, wale ambao nikimaliza kitabu nakaa na simu nataka kumpigia mtu. Darcy. Kepteni Wentworth wa Persuasion, cha Austen pia. John Thornton wa North and South. Gabriel Oak wa Far from the Madding Crowd. Nikaona wote wanne wana kitu kimoja ambacho sijui kwa nini hakisemwi sana. Hawa si watu ambao hawajasema. Walishasema! Kila mmoja alishamwambia mwanamke nakutaka unioe, samahani nikuoe, na kila mmoja akaishia patupu, ama aliambiwa la mwanzo ama aliambiwa ndiyo ikaja ikavunjwa. Ukimya tunaoulilia ni ule wa baada ya la.

Mtazame Darcy siku ya posa yake ya kwanza kule Hunsford, kijiji Elizabeth alikokwenda kutembea. Anaingia, anazunguka chumba, analipuka kwamba amejizuia ameshindwa, anampenda. Lingeishia hapo lingekuwa zuri, lakini anaendelea kueleza vile familia ya binti ilivyo ya chini na vile anavyojishusha yeye, na yote hayo anayasema akiamini kabisa jibu litakuwa ndiyo. Elizabeth anamchana. Anamwambia hata angekuja kwa namna gani asingemkubali. Na yeye anafanya nini? Anaomba radhi kwa kumpotezea wakati, anatoka. Kesho yake asubuhi anamsubiri njiani, anampa barua mkononi, anaondoka. Na barua yenyewe inaanza kwa kumtoa wasiwasi, kwamba usiogope, sitarudia yale ya jana yaliyokukera. Alafu anapotea kabisa, miezi.

Jamani hebu mlinganishe na ya kwetu. Kwetu ukimwambia mtu la ndo umemfungulia kazi. Unamblok, kesho usiku wa manane simu inaita kwa namba ngeni. Rafikiye anakukuta Marikiti unachagua nyanya anakwambia mwenzako hali, halali, hebu muonee huruma. Dadake anakuomba urafiki fesibuku. Pikipiki inapita mbele ya nyumba, inageuza, inapita tena. Na watu wazima badala ya kumwambia kijana akome wanakugeukia weye, mtoto wa watu anakupenda, unaringa nini. Sijui msichana wa hapa ambaye halijamfika hata moja katika haya. Sasa mtu aliyeishi hivo akikaa akasoma kuhusu mwanamume aliyeambiwa la akalisikia, akalichukua akaenda nalo kwao, unafikiri atamwona anajisikia? Atapumua. Mimi nilipumua.

Lakini basi ndo mwandishi anapata shida, na hapa napenda sana ufundi wao. Mtu keshakataliwa, keshaamua hatamsumbua mwanamke tena, na ana heshima zake hawezi kuzunguka akijisifu. Sasa mwanamke atajuaje kama ni mtu mzuri? Lazima aambiwe na mtu mwengine. Kila mkimya wa hawa ana msemaji wake, na hapo Mombasa nzima inajua kinachoendelea, manake sisi tuna utaratibu wake kabisa. Ikija posa huulizwi posa tu ukajibu. Kunaenda watu kuulizia. Na hawaendi kwa mamake kijana, mamake atasema nini? Wanaenda dukani, msikitini, kwa fundi aliye jirani.

Binamu yangu alipokuja kuposwa alitumwa shangazi yetu mpaka Kibokoni, akaenda akakaa kwenye kibao cha mama mmoja anayepika mahamri asubuhi pale karibu na kwao kijana. Akaagiza mahamri na mbaazi, akala pole pole, akaingiza swali katikati ya habari za bei ya unga. Yule mama alikuwa anageuza mahamri kwenye mafuta, hata hakuinua kichwa. Akasema, huyo? Huyo kila asubuhi akinunua ya kwao anachukua na ya bibi asiyeona wa nyumba ya pili, anamwekea mlangoni anabisha anaenda, na hajui kama mimi nampigia hesabu. Akageuza mengine. Shangazi akarudi nyumbani akasema muozesheni.

Sasa fungua Pride and Prejudice pale Elizabeth anapokwenda kutembelea Pemberley, jumba la Darcy, pamoja na mjombake na mkaza mjomba, wamekwenda kama watalii tu kwa sababu wameambiwa mwenyewe hayupo. Anayewatembeza ni Bi Reynolds, mama mtu mzima anayesimamia nyumba. Hajui Elizabeth ni nani. Hajui kama huyu binti aliposwa na bwana wake akakataa. Na bila kuulizwa sana anasema, mimi namjua huyu tangu ana miaka minne na hajawahi kunitolea neno baya. Anasema waulizeni wapangaji wake na watumishi, wote watamsifu. Na kile ninachokipenda zaidi, anasema wako wanaomwita mwenye kiburi lakini yeye hajakiona hicho kiburi, anadhani ni kwa vile haropoki kama vijana wengine. Huyo ndo mama wa mahamri! Elizabeth ameulizia bila kukusudia kuulizia. Akasimama mbele ya picha yake akaitazama kwa muda, na hapo bwana mwenyewe hajatokea.

Akitokea, kwa taarifa yenu, hatoki ziwani. Lile ziwa na shati lililoloa ni la tamthilia ya BBC ya 1995 na Colin Firth, kitabuni halimo. Kitabuni wanakutana ghafla kwenye nyasi, wote wawili nyuso zinawaiva, anauliza hali ya wazazi wako, anauliza tena, anauliza tena, hajui anasema nini. Kwangu mimi hiyo inashinda ziwa.

Alafu inakuja habari ya Lydia, mdogo wake Elizabeth, katoroka na yule yule Wickham, na Darcy anawatafuta London mpaka anawapata, anamlipia Wickham madeni yaliyopita pauni elfu moja, anaongeza elfu nyengine kwa Lydia, anamnunulia na cheo jeshini ili amuoe. Anamlipia mtu anayemchukia kuliko wote duniani. Na anawaomba wakubwa wasimwambie Elizabeth. Siri inavuja kwa sababu Lydia hajui kufunga mdomo. Lile domo ambalo kitabu kizima limewaletea aibu ndo linalomtoa Darcy. Mr Knightley wa Emma, kitabu chengine cha Austen, naye ni hivo hivo, anatuma gunia la tofaa kwa wanawake wawili waliofilisika, Bi Bates na binti yake, mpaka kwake hayakubaki, msimamizi wa nyumba yake kanuna kwa sababu bwana hatopata pai ya tofaa msimu mzima, na sisi tunajua kwa sababu huyo binti, Miss Bates, ni mtu ambaye akianza kuongea huwezi kumzima. Kila mtaa unaye.

Wentworth yeye ni baharia kwa hivo hapa Mombasa hahitaji kuelezwa sana, watu wa kwenda melini tunawajua. Alimposa Anne Elliot akiwa hana kitu, Anne ana miaka 19, akakubali alafu wakubwa wakamshawishi avunje. Miaka minane na nusu baadaye anarudi ana pauni 25,000 za meli alizoteka vitani na ana kinyongo, nisimsafishe, ana kinyongo haswa, anawachekea wasichana wengine mbele yake na anasema Anne amebadilika asingemtambua. Lakini tazama mikono yake. Siku moja Anne amepiga magoti anamuuguza mtoto, na mwengine wa miaka miwili kamparamia mgongoni, kamng'ang'ania shingoni, hataki kushuka, na watu wamo humo ndani wanaita tu shuka, shuka. Mara Anne anahisi mzigo umetoka. Mtu kamtoa yule mtoto. Akigeuka ni Wentworth, na hasemi, na ili asishukuriwe anaanza kucheza na mtoto kwa kelele. Siku nyengine wametembea mbali, kamuona amechoka, anakwenda kunong'ona na dadake aliye kwenye kigari cha farasi, anarudi, anamshika anampandisha. Neno hakuna. Amemkasirikia na bado hawezi kumuona akichoka. Sijui mwandishi mwengine aliyeweza kuyaweka hayo mawili ndani ya mtu mmoja kwa kitendo kidogo hivo.

Na barua yake sitaieleza yote, wale hawajasoma nisiwaharibie. Niseme tu iko hoteli moja mji wa Bath, Anne anabishana na rafikiye Wentworth kuhusu nani hupenda kwa muda mrefu zaidi akiwa hana matumaini, mwanamke au mwanamume, na Wentworth yuko mezani amewapa mgongo anaandika barua ya watu wengine. Kalamu inamdondoka. Anatoka, anarudi ati amesahau glavu, anamsukumia Anne karatasi, anamtazama, anatoka. Mwenyewe Austen hakukiona kitabu hicho kikitoka, alifariki Julai 1817 na kilitoka mwisho wa mwaka.

Thornton wa Elizabeth Gaskell (stori ilitoka vipande vipande 1854 na 1855) ni mwenye kiwanda cha pamba, mkali, hana raha, na watu humkumbuka kwa ile jioni ya chai. Margaret, binti anayempenda, anamimina chai, ana bangili, kila akiinama inamteremka mpaka kwenye kifundo cha mkono, anaipandisha, inateremka tena, na babake Margaret anaongea na Thornton habari za maana na Thornton hasikii, anaifuata bangili. Sawa, hiyo ni tamu, lakini mimi changu ni kapu la matunda. Alishamposa Margaret, alishakataliwa kwa maneno makali, na hii ni kesho yake tu. Mamake Margaret ni mgonjwa na daktari kataja matunda. Thornton anaingia dukani anachagua mwenyewe, mwenye duka anauliza nilipeleke wapi, anasema hapana, nalibeba mimi. Tajiri wa mji, mikono yote miwili imejaa kapu, anapita katikati ya barabara ya maduka wanawake wanageuka kumtazama. Kapu ni la mama mgonjwa. Akifika hamtongozi mtu, anampa mgonjwa, anasema na babake, Margaret yuko pale pale chumbani na hamsemeshi hata neno, anaondoka. Wazia tajiri wa hapa atoke Marikiti na kapu lake mwenyewe achekwe mpaka Makadara, kwa mamake mtu aliyemkataa.

Mtu aliwahi kunambia haya yote ni pesa tu, mkimya tajiri anaitwa mstaarabu na mkimya maskini anaitwa zuzu. Darcy ana pauni elfu kumi kwa mwaka, angekuwa anaendesha tuktuk mngemlilia? Hoja hiyo siipuuzi, ina ukweli mwingi sana, tumeiona harusini. Ndo maana namuweka Gabriel Oak juu ya wote.

Oak ni wa Thomas Hardy, 1874. Anaanza ana kondoo wake 200, hawajalipwa bado, hana bima. Anampenda Bathsheba, anakwenda kwao na mwanakondoo mkononi, anasema wazi wazi, sura ya nne tu ya kitabu! Anakataliwa, anasema basi sitakuuliza tena. Usiku mmoja mbwa wake mdogo asiyejua kazi anawafukuza kondoo mpaka wanaporomoka genge, wanakufa. Ameisha. Anakuja kuangukia kuwa mchungaji wa kuajiriwa kwenye shamba alilorithi Bathsheba, yaani bosi wake ni yule aliyemkataa. Na hapo hasemi habari ya mapenzi, lakini si kwamba ni boi wa ndiyo mama. Bathsheba akifanya jambo la kipuuzi anamwambia ni la kipuuzi, mpaka siku moja akamfukuza kazi kwa hilo. Kesho yake kondoo 57 wakaingia kwenye majani mabichi wakavimba matumbo, na anayejua kuwatoboa ubavuni hewa itoke ni Oak peke yake. Bibie akatuma amri aje. Oak akajibu siji mpaka niombwe kwa adabu. Akatuma tena, safari hii akaomba. Akaja akawaponya 49. Nampenda zaidi kwa lile la kukataa kuja kuliko lile la kuja.

Na ndani ya kitabu hicho hicho Hardy kaweka mkimya mwengine, Boldwood, na huyu ni tajiri, ana shamba, hana makuu, wasichana wote walishindwa kumfanya hata ageuke. Ukimuona ukimya wake utasema huyu ndo Darcy wa huko. Bathsheba kwa mchezo tu akamtumia kadi ya valentaini imeandikwa nioe. Yule mtu akapasuka. Akaambiwa la, akarudi. Akaambiwa la, akarudi. Akamkamia mpaka akamtoa ahadi ya kuolewa naye baada ya miaka sita, kwa huruma na woga, na mwisho wake ni bunduki na mtu kufa, na walipoingia nyumbani kwake wakakuta kabati limejaa nguo na vito, kila kifurushi kimeandikwa Bathsheba Boldwood na tarehe ya miaka sita mbele. Mwili ulinisisimka. Wakimya wawili, mwanamke mmoja, na tofauti yao yote iko kwenye siku walipoambiwa la. Kwa hiyo dada yangu wa grupu ukinisoma, sisi hatupendi mtu asiyesalimia. Msalimie mumeo.

Hata Darcy akirudi mara ya pili anasema yangu hayajabadilika, lakini neno moja lako litaninyamazisha milele. Ni kama kamkabidhi ufunguo. Na akikubaliwa, Austen hatupi hata maneno aliyosema kwa furaha yake, anatwambia tu alijieleza vizuri kama mtu anayependa sana awezavyo kujieleza, basi, kafunga pazia. Nilipokuwa msichana liliniudhi hilo. Siku hizi naona kila mtu anaposti posa yake na drone juu, namuelewa Austen kabisa.

Shida ya mwanamume wa namna hii ni kwamba hatarudia. Oak alisema sitakuuliza tena na ni mtu wa neno lake, kwa hiyo mwisho kabisa, Bathsheba keshakuwa mjane, Oak anampa taarifa kwamba anaacha kazi, anafikiria kwenda California, watu washaanza kuwasengenya na hataki jina lake lichafuke. Bathsheba anavumilia anavumilia, mpaka usiku anavaa anakwenda mwenyewe kubisha mlango wa kibanda cha Oak, na anasema mwenyewe kwa aibu, hii ni kama nimekuja kukuposa. Wakaelewana. Oak akamsindikiza kurudi kwake, na njia nzima wakaongea habari za shamba jengine analolikodi.

Mamangu alisikiliza mpaka hapo, hapendi mwanamke kwenda nyumbani kwa mwanamume usiku, alikuwa ameshakunja uso. Akauliza, kwani alimkataa? Nikamwambia alimkataa, na kazi akamfukuza juu yake. Akafikiri kidogo. "Basi avae buibui lake aende."